Hadi Nairuzi

Mdogo wangu Samandar ni mtu wa maneno. Mama yetu alipofariki mimi ndiye niliyemlea, na naweza kuapa kwamba alianza kubishana kabla hajaota meno. Pale Peshawar, Pakistan, alikokuwa akioka mikate, wateja walipanga foleni kwake na kuliacha duka la jirani likipigwa na nzi, na si kwamba mkate wake ulikuwa na utamu wa ajabu. Walikuja kumsikiliza akiwatania huku ametumbukiza kichwa ndani ya tanuri. Nimemwona akikosa la kusema mara moja tu, na ningetoa chochote nilicho nacho nisiione siku ile.

Tulihama bonde letu la Laghman, Afghanistan, wakati wa mabomu ya Warusi, Samandar akiwa mgongoni mwangu. Baba alituambia tunakwenda kwa majira ya baridi tu. Akajenga nyumba ya udongo nje ya Peshawar, na alipoulizwa mbona hapandi hata mti mmoja wa kivuli, alikuwa akijibu, "Wa nini? Mwakani hatupo." Alikufa akisema hivyo hivyo, mti hajapanda. Kwetu sisi wakimbizi kuta zilikuwa za wenyeji, lakini mbao za paa zilikuwa zetu. Mtu ananunua boriti nzuri za mti wa mpopla kwa sababu siku ya kurudi nyumbani boriti hubebeka na ukuta haubebeki. Samandar alizipenda boriti zake kuliko watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Kila mwaka alizipaka mafuta zisiliwe na wadudu.

Binti yake wa kwanza, Storai, alizaliwa chumbani kwa jirani. Mvua ilikuwa inanyesha ya kufa mtu, paa letu likavuja, na wifi yangu Wazhma akashikwa na uchungu. Mama Nusrat, mwenyeji wa hapo, Mpashtuni mwenzetu lakini wa upande wa Pakistan, akatuvuta sote kwake. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kujifungua Nusrat mwezi uleule. Wale watoto wawili walikua pamoja, wakanyonya matiti ya mama wote wawili, wakagombana juu ya mdoli mmoja asiye na mkono. Ukimwita mmoja walikuja wawili.

Storai alikufa kwa homa ya mbu akiwa na miaka tisa. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nikianza nitaacha kusimulia nilie tu.

Sasa, sisi tuna desturi yetu. Mtu wetu akifia ugenini, tunaweza kumzika kwa amana. Anawekwa kwenye sanduku, na mwenye maiti anaweka mkono juu ya udongo na kuiambia ardhi kwamba hajaipa, ameiwekesha tu, na atarudi kumchukua. Lakini sharti ataje muda. Mullah alimwambia Samandar wazi, "Ardhi haipokei amana isiyo na muda. Taja siku, na ikifika siku hiyo hujaweza, uje uombe upya." Wazee wetu wanaamini kwamba ndani ya muda huo ardhi humhifadhi mtu kama alivyo, isimguse.

Samandar hakusita. Aliweka kiganja kwenye kaburi lile dogo, machozi yanamtoka, lakini sauti imenyooka.

"Ewe ardhi, nakukabidhi mwanangu Storai kwa amana, hadi Nairuzi. Theluji ikiyeyuka kwetu, nitakuja kumchukua."

Nairuzi ikaja, mwaka mpya ukaingia, na kwetu kulikuwa na vita. Akaenda akaomba upya. Nairuzi ya pili akaomba tena, na ya tatu, kila mara kwa sauti ileile ya mtu anayeahirisha safari kwa sababu ya shughuli ndogo. Wakati huo Mama Nusrat ndiye aliyekuwa akienda kila Alhamisi na ndoo yake, anamwagia kaburi maji na kung'oa magugu. Aliotesha hata ua. Samandar alipoliona alinung'unika kwamba mtu wa amana hapandiwi maua, kwani ni msafiri. Mama Nusrat akamwambia, "Oka mikate yako, baba. Mambo ya watoto tuachie sisi."

Ndipo serikali ya kule ikatangaza kwamba wageni wote wasio na vibali waondoke, na siku yenyewe ikatajwa. Mtaa wetu ulivurugika. Watu waliuza magodoro, mbuzi, mashine za kushonea, kwa bei ya kutupa. Sisi familia kadhaa tulikodi lori moja, na kila familia ikagawiwa sehemu yake. Sehemu yetu ilitosha boriti za Samandar, vyombo, matandiko, na sisi wenyewe juu yake.

Tulikuwa tunabomoa paa pale Samandar aliposhuka ngazi, akafuta vumbi usoni na kusema, "Boriti tunaziacha. Tunamchukua Storai."

Niliangusha nyundo. "Wewe mwanamume, akili zako umeziacha tanurini? Nyumba ya baba kule haina paa, imebaki kuta. Majira ya baridi hayo yanaingia!"

"Nilitoa ahadi, Dada."

"Uliitolea ardhi. Ardhi haina haraka. Yama ana miaka miwili na kifua chake unakijua."

Yama ni mtoto wao wa pili. Usiku na mchana kifua chake kilikuwa kinaimba.

"Boriti nitanunua nyingine," akasema. "Mtoto nitanunua wapi?"

Mama Nusrat alikuwa amesimama mlangoni, sinia la wali mikononi, chakula chetu cha kuagana. Akaliweka chini.

"Samandar, nisikilize. Mwache. Hapa ana mwenyewe. Nitamwangalia mpaka na mimi niingie mlemle."

"Mwanangu hatalala ugenini, mama."

"Ugenini? Ugenini wapi? Kazaliwa kitandani kwangu! Huko kwenu anamjua nani? Hajawahi hata kukutia machoni huko kwenu!"

"Ndiyo kwao hata hivyo."

"Kwao! Mtoto kwao ni pale alipopoteza ndala zake. Muulize mama yake, basi. Hajaulizwa hata mara moja."

Sote tukamgeukia Wazhma. Wifi yangu ni mwanamke wa maneno machache. Katika nyumba ya Samandar mtu mwingine atapata wapi nafasi ya kuongea? Alikuwa amekaa juu ya mzigo wa matandiko, Yama mapajani.

"Nataka awe karibu," akasema. "Nikitoka mlangoni asubuhi nimwone. Hilo tu."

Basi ikaisha. Nikaokota nyundo yangu.

Walimfukua mchana kweupe, Samandar na vijana wawili wa mtaani. Sanduku lilitoka zima, la mti wa mforosadi, udongo umelishika pembeni tu. Mullah alikataza lisifunguliwe, na kama angeruhusu mimi ningekimbia. Wazhma aliweka shavu juu ya mbao kwa muda mfupi, akaliondoa. Mama Nusrat hakuja karibu. Alikaa kwa mbali na Nusrat wake, wamefunika nyuso na shela, na tulipopita na sanduku akasema kwa sauti kubwa, "Shimo lisifukiwe. Mmesikia? Liacheni hivyohivyo." Nilidhani ni uchungu unaongea.

Boriti zilibaki zimeegemezwa ukutani kwake. Dereva wa lori naye alileta yake. Alikuwa mzee mmoja mwenye ndevu zilizopakwa hina, jina lake Lawang.

"Mimi nimekubali kubeba watu na mbao," akasema. "Maiti hatukukubaliana."

"Ana miaka tisa," Samandar akamwambia. "Na hataomba maji njiani wala hatataka kushuka ajisaidie. Utapata wapi abiria mwema kama huyo?"

Lawang akamtazama, akatazama sanduku. Akapanda mwenyewe garini, akasogeza mizigo ya watu, akatandika blanketi lake pale ambapo sanduku lingekaa.

Mpakani Torkham palikuwa na watu mpaka milima haikuonekana. Tulipovuka, karani mmoja kijana alikuwa anaandikisha wanaorudi.

"Wangapi?"

"Watano," akasema Samandar.

Karani akahesabu kwa macho. "Nawaona wanne."

Samandar akapiga sanduku taratibu kwa kiganja. Yule kijana akainamisha kichwa, akaandika wanne, kisha akatoa biskuti tano za msaada badala ya nne. Ya tano Wazhma aliifunga kwenye ncha ya shela yake, na sijui aliipeleka wapi.

Kijijini kwetu Shamkot tulifika jioni. Kwetu! Miaka arobaini nimelitamka neno hilo kama mtu anayenyonya peremende. Kisima cha baba kilikuwa kimekauka. Mipopla ya kando ya mto, ambayo Samandar alipanga kuikata iwe boriti mpya, ilikuwa imesimama mikavu, imeliwa na ukame na wadudu. Nyumba ilikuwa kuta zilizolambwa na mvua. Binamu yetu Nazar alitoka kutupokea, akatukumbatia, akatukaribisha chai, lakini hakuweza kujizuia.

"Karibuni Wapakistani! Wengine wamekuja na sola na mabati, nyie mmekuja na jeneza."

Akacheka peke yake. Baadaye alijuta, akaja kuchimba kaburi kwa mikono yake mwenyewe, hilo nitampa haki yake.

Tulimzika Storai kwenye mteremko ulio juu ya nyumba, karibu na babu yetu. Wanawake wa kijiji walikuja kutoa pole, kama inavyotakiwa, na wote wakadhani mtoto amefia njiani. "Masikini, alipigwa na baridi? Alikuwa anaumwa tangu lini?" Wazhma alijaribu kueleza mara ya kwanza na ya pili, halafu akaacha. Akalia nao kama vile amefiwa asubuhi ile. Hakuna hata mmoja aliyeweza kusema, kama wanavyosema watu msibani, kwamba mtoto alikuwa mcheshi, au alipenda hiki, au aliwahi kunifanyia hivi. Walimlilia mtoto kwa jumla. Niliwaza juu ya mtaa mzima wa Peshawar ambao ungeweza kusimulia visa vya Storai mpaka alfajiri, na roho iliniuma vibaya.

Lakini Wazhma alipata alichotaka. Tulitundika turubai juu ya kuta mbili, na asubuhi alipofunua pazia la mlango aliliona kaburi, limefungiwa kitambaa cha kijani kwenye fimbo. Alisimama pale kila siku kabla ya kuwasha moto. Nilimwona akimwonyesha Yama, "Dada yako yule. Mwamkie." Yama akapunga mkono. Siku zile wifi yangu alianza hata kuimba akipika. Nikamwambia Mungu moyoni, basi nilikosea juu ya zile mbao, yaishe.

Baridi ikaingia. Turubai si paa. Upepo unapita chini, theluji inalala juu, na asubuhi matandiko yana barafu pindoni. Samandar alikwenda kila mahali kutafuta kazi ya kuoka, na kila mahali waokaji walikuwa wengi kuliko unga. Alitafuta boriti pia. Nazar alitupa moja, iliyopasuka, na hiyo ndiyo aliyokuwa nayo. Samandar aliishika, akaigeuzageuza, akaanza kumsimulia Nazar habari za boriti zake za Peshawar, unene wake, namna zilivyong'aa. Alisimulia kwa muda mrefu mno. Nazar alikuwa ananitazama mimi.

Yama alianza kukohoa na hakuacha. Midomo ilikuwa inageuka rangi ya zambarau akilia. Tulimpeleka kwenye zahanati ya mjini, na daktari, mwanamke mmoja mchovu, akampa dawa na kusema, "Dawa hii haifanyi kazi chini ya turubai. Mtoto huyu anahitaji chumba kikavu chenye moto. Mnacho?" Samandar, kwa mara ya kwanza, alijibu kwa neno moja.

Kwa Nazar tulikuwa tumeshajibana. Chumba kimoja, watu wake wanane, na moshi uliomfanya Yama awe mbaya zaidi. Ndipo Mama Nusrat akapiga simu. Kila mara alipiga yeye, maana sisi hatukuwa na salio.

"Yule tajiri wa duka la mikate anamuulizia Samandar," akaniambia. "Anasema kijana aliyemweka anaunguza. Chumba changu cha nyuma kiko tupu, na nimekiezeka kwa boriti zenu, msinichukie. Watu wanarudi kwa njia ya mlimani. Mleteni mtoto jamani."

"Na Nusrat hajambo?"

"Yuko darasa la saba, anajifanya mwalimu wangu." Wote wawili tulikuwa tunamfikiria mwingine wa darasa la saba, ambaye hata angekuwa hai, huku kwetu angekutana na mlango wa shule umefungwa kwa wasichana. "Wifi yako anaweza kutoka nje akamwona?" akauliza.

"Anamwona."

"Alhamdulillahi. Lile shimo la huku bado liko wazi. Walitaka kumlaza mzee mmoja, nikapiga kelele mpaka wakaenda kwingine. Nimewaambia lina mwenyewe. Mkija, mje naye."

Njia ya mlimani watu hupita kwa miguu, gizani, wamebeba watoto tu, na watoto wenyewe wanazibwa midomo wasilie. Nani atapita pale na sanduku? Na magoti yangu mimi nayo hayakufaa kwa njia ile. Nikamwambia Samandar kwamba nitabaki kwa Nazar, nimsaidie mkewe na ng'ombe.

Samandar alimwambia Wazhma mbele yangu. Alijitayarisha kwa maneno mengi, tanuri, chumba kikavu, msimu mmoja tu, tutarudi. Wazhma alimwacha amalize. Kisha akasema, "Ulimtoa kwa watu wake ukamleta hapa ili niwe naye. Sasa unanitoa mimi."

"Yama atakufa, Wazhma."

"Najua. Ningekuwa sijui ningekaa."

Walipanda mteremkoni asubuhi ya kuondoka, na mimi nyuma yao najikongoja. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, udongo mweusi umetokeza huku na huku. Siku zilikuwa zinakaribia Nairuzi, ile ambayo mdogo wangu, mtu mzima na akili zake, alikuwa ameitaja miaka yote ile. Samandar alipiga goti, akaweka kiganja juu ya kaburi. Nadhani hakupanga. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea.

"Ewe ardhi," akaanza, "nakukabidhi mwanangu Storai kwa amana..."

Akasimama hapo.

Mtu hawekeshi amana kwenye ardhi ya kwao. Alijua, sote tulijua. Tulingoja. Yama akakohoa mgongoni mwa mama yake.

"Endelea," akasema Wazhma. "Taja muda."

Samandar alifungua mdomo. Mdogo wangu, ambaye aliwatania madereva na makarani na akakitania hata kifo, alinitazama mimi kama alivyokuwa akinitazama zamani alipodondosha mtungi. Nilitamani nimpe neno. Sikuwa nalo. Mkono wake ukabaki pale juu ya udongo unaotoa maji, mpaka Nazar alipoita kutoka chini kwamba gari linaondoka.

Wazhma ndiye aliyetangulia kushuka. Hakugeuka nyuma, na sikumlaumu.

Walifika salama. Kifua cha Yama kimepoa. Samandar anaoka, ingawa Mama Nusrat ananiambia foleni yake siku hizi ni fupi, wateja wanachukua mkate wao wanakwenda. Na ananiambia kwamba Alhamisi Wazhma humfuata makaburini na kukaa kando ya lile shimo, hamwagi maji, hasemi kitu, anakaa tu.

Mimi ndoo ninayo. Asubuhi nikitoka mlangoni namwona.